Kabla ya Kukataa Kisu, Nani Amekuangalia?

Mtu akisema ana bawasiri, iwe barazani, kwa kinyozi au katika kundi la WhatsApp la ukoo, jibu humfikia kabla hajamaliza kueleza anachosikia: usikubali operesheni. Jibu hilo hutolewa kwa upendo, mara nyingi na mtu mzima anayeheshimiwa, na hufuatwa papo hapo na jina la mzizi, la mganga au la chupa fulani. Limeenea kiasi kwamba mtu aliyepangiwa tarehe ya upasuaji huificha hata kwa ndugu zake wasije wakamrudisha nyuma. Hoja yenyewe, nikiieleza kama wanavyoieleza wenyewe, ina mambo manne. Bawasiri ikikatwa hurudi, kwa hiyo mtu ameumia bure. Kisu hulegeza njia ya haja kubwa, mtu akabaki hawezi kuzuia choo, na mwanamume akapoteza nguvu zake. Maumivu ya baada ya operesheni hayavumiliki. Na hakuna haja ya yote hayo, maana dawa za asili zipo, ni za bei nafuu, hazina kisu wala kulazwa.

Wanaosema hivi hawabuni. Kila mmoja anamjua mtu aliyekatwa na baada ya miaka michache akaona damu tena, au jirani aliyelia chooni wiki nzima. Ninaipinga hoja yao, na si kwa sababu naamini kila mwenye bawasiri apelekwe chumba cha upasuaji. Wengi wao hawahitaji kisu hata kidogo. Ninaipinga kwa sababu inamkabidhi mgonjwa uamuzi uliokwisha kufanywa kabla mtu yeyote hajamwangalia. Ugonjwa huu uko mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona na wengine wanaona haya kupataja, na ndiyo maana maneno yamechukua nafasi ya macho.

Tuanze na kitu chenyewe. Bawasiri si nyama ngeni iliyoota mwilini kama uyoga. Kila binadamu ana vijimto vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, kwa kawaida vitatu vikubwa, na kazi yake ni kusaidia njia hiyo kufunga vizuri. Huwa ugonjwa pale vijimto hivyo vinapovimba, vikatoa damu au vikateremka. Madaktari huzigawa bawasiri za ndani katika hatua nne, mgawanyo unaohusishwa na Goligher, daktari wa upasuaji wa Leeds, Uingereza. Katika hatua ya kwanza kuna damu lakini hakuna kinachotoka nje. Katika ya pili, uvimbe hutoka mtu anapojisaidia kisha hurudi wenyewe. Katika ya tatu haurudi mpaka usukumwe kwa kidole. Katika ya nne hausukumiki. Upasuaji wa kukata ni wa hatua ya tatu na ya nne hasa, pamoja na wale wachache ambao tiba ndogo zimeshindwa kuwasaidia. Anayesema "usikubali operesheni" anasema na wagonjwa wa hatua zote nne kwa sentensi moja, na kwa wale wa hatua mbili za kwanza anakataza kitu ambacho daktari makini asingewashauri.

Kwanza: kwamba hurudi

Hili ndilo neno lenye nguvu kuliko yote, na lina asili ya heshima. Musa bin Maimuni, tabibu aliyefanya kazi Misri na kufariki mwaka 1204, aliandika risala nzima kuhusu bawasiri kwa Kiarabu, lugha iliyotupatia neno hilo. Yeye alitanguliza chakula na kulainisha choo, na aliushuku upasuaji kwa sababu kukata hakuondoi kilicholeta ugonjwa. Aliona mbali. Lakini tazama hoja yake inaelekea wapi. Inasema kwamba aliyekatwa akirudia choo kigumu, kukaa chooni muda mrefu na kujikamua, vijimto vilivyobaki vitafuata njia ya wenzake. Hiyo ni sababu ya kubadili chakula kabla na baada ya kisu. Si sababu ya kumwacha mtu wa hatua ya nne atembee na kitambaa ndani ya nguo miaka 10.

Pia neno "operesheni" linavyotumika mitaani limefunika mambo kadhaa yasiyofanana. Kuna kufunga kwa mpira, ambako daktari huvalisha kijimto raba ndogo ili kikose damu, kikauke na kudondoka baada ya siku kadhaa. Njia hiyo ilienea baada ya Barron wa Detroit, Marekani, kuieleza mwaka 1963. Haihitaji kulazwa, na kwa kawaida haihitaji ganzi. Kuna kushona mishipa inayopeleka damu kwenye vijimto. Kuna mashine inayovuta uvimbe juu na kuubana kwa pini, iliyoletwa na Longo wa Italia mwaka 1998. Na kuna kukata kwenyewe, kama walivyoeleza Milligan na Morgan wa Hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1937. Kurudi kwa ugonjwa kunatofautiana sana kati ya njia hizi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 372, lilionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja bawasiri ilirudi kwa wagonjwa 49 katika kila 100 waliofungwa mpira mara moja, na 30 katika kila 100 walioshonwa mishipa. Kufungwa mpira tena kulipoacha kuhesabiwa kuwa ni kurudi kwa ugonjwa, tofauti hiyo ilipungua sana. Jaribio jingine la nchi hiyohiyo na mwaka huohuo, lenye wagonjwa 777, lililinganisha mashine ya pini na kukata kwa mtindo wa zamani. Waliobanwa kwa pini hawakuumia sana mwanzoni kama waliokatwa, lakini katika miaka miwili iliyofuata waliokatwa ndio waliokuwa na hali bora na ndio ambao ugonjwa uliwarudia kwa uchache zaidi.

Kwa hiyo kisu kinachoogopwa zaidi ndicho kinachorudisha ugonjwa kwa uchache zaidi. Jirani aliyeona damu tena huenda alifungwa mpira mara moja na hakuambiwa kwamba wengi huhitaji kurudi mara ya pili au ya tatu. Huenda pia alichokishika kwa kidole si bawasiri, bali kikunjo cha ngozi kilichobaki kidonda kilipopona. Daktari anayekata huacha vipande vya ngozi nzima kati ya kidonda na kidonda kwa makusudi, kwa sababu akikata kuzunguka pande zote kovu litaziba njia. Mgonjwa ambaye hakuelezwa hayo atakwenda nyumbani akisema hakukatwa vizuri, na hapo kosa ni la aliyemruhusu bila kumweleza.

Kuna mgongano mwingine ndani ya hoja hii ambao wenye kuitoa hawautazami. Wanakihukumu kisu kwa kurudi kwa ugonjwa baada ya miaka, na papo hapo wanapendekeza dawa ambayo mgonjwa huinunua tena kila damu inapotokea. Dawa ikishindwa mwezi wa tatu, husemwa dozi haikutimia. Kisu kikishindwa mwaka wa tano, husemwa kisu ni bure. Kipimo kinachobadilika kufuatana na anayepimwa hakiwezi kumsaidia mgonjwa kuamua.

Pili: kwamba kisu huharibu misuli na nguvu za kiume

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili. Kuhusu nguvu za kiume: mishipa ya fahamu inayohusika na jambo hilo hupita nje ya utumbo, kandokando ya tezi dume, wakati bawasiri hukatwa ndani ya njia yenyewe, juu ya misuli. Daktari anayekata vijimto hayupo eneo hilo. Madhara ya aina hiyo yaliyowahi kuripotiwa ni machache, na yametokana na sindano ya kukausha bawasiri iliyopigwa vibaya ikafika kwenye tezi dume. Jambo hilo lingepaswa kumfanya kila mwanamume aulize swali hili kwa ukali zaidi: huyu anayetaka kunipiga sindano ya bawasiri nyuma ya pazia dukani kwake amejifunzia wapi?

Kuhusu kuzuia choo, hatari ipo na ni haki kuisema. Chini ya vijimto kuna misuli ya kubana, na mkono usio na uzoefu unaweza kuigusa. Tena vijimto vyenyewe vina mchango katika kuzuia upepo na choo chepesi, kwa hiyo wapo wanaoona mabadiliko kidogo baada ya kuviondoa, hasa wiki za mwanzo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwanamke aliyechanika vibaya wakati wa kujifungua, kwa mzee ambaye misuli yake imelegea, na kwa yeyote aliyewahi kukatwa sehemu hiyo. Watu hawa wanapaswa kutambuliwa kabla, kwa kuulizwa na kupimwa kwa kidole, na wengine wao wanapaswa kushauriwa wasikatwe. Lakini hatari inayojulikana ni ya nani na kwa sababu gani ni habari ya kumsaidia mtu kuamua. Ikigeuzwa kuwa laana inayomsubiri kila anayelala kitandani, inawaogopesha wote sawasawa, na mama ambaye kweli alichanika haulizwi swali lililomhusu yeye.

Tatu: kwamba maumivu hayavumiliki

Hili sitalipunguza. Operesheni ya kukata bawasiri inauma, na daktari anayemwambia mgonjwa kwamba atarudi kazini baada ya siku mbili anampotosha. Wakati wa kukatwa hasikii kitu, kwa sababu ya ganzi ya mgongoni au ya usingizi. Ganzi ikiisha, maumivu huja, na yana sababu inayoeleweka. Sehemu ya juu ya njia ya haja kubwa haina hisia ya maumivu kama ya ngozi, ndiyo maana raba ikifungwa mahali pake mtu husikia kubanwa tu. Sehemu ya chini ina hisia kali, na kidonda cha kukata hufika huko. Misuli ikiguswa na kidonda hukaza bila kuamriwa, na kukaza huko huzidisha maumivu. Kisha kidonda hicho, tofauti na cha mkononi, kitapitiwa na choo kila siku. Wengi huhitaji wiki mbili hadi nne kabla ya kurudi kwenye kazi zao, na kidonda kilichoachwa wazi huchukua wiki kadhaa kufunga.

Lakini sehemu kubwa ya mateso yanayosimuliwa mitaani haikutokana na kisu. Ilitokana na mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na karatasi ya vidonge vya maumivu peke yake. Tazama mwendo wake. Siku ya kwanza anaogopa kula ili asiende chooni. Anameza dawa kali ya jamii ya kodeini au tramadoli, ambayo inatuliza maumivu na wakati huohuo inafunga choo. Anakunywa maji kidogo kwa sababu kukojoa nako kunasumbua. Siku ya nne choo kimekuwa kama jiwe, na kinapopita kinachana kidonda kibichi. Kelele zilizosikika nyumba ya pili zilikuwa za siku hiyo, na jirani aliyezisikia atasimulia miaka 20 kwamba operesheni ya bawasiri ni kifo.

Njia ya kulizuia hilo inajulikana na haina gharama kubwa. Dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi, huanzwa mapema, na wapo madaktari wanaoianza siku kadhaa kabla ya operesheni. Dawa ya maumivu humezwa kwa saa, kabla maumivu hayajapanda, na ile kali inayofunga choo hutumika kwa uchache. Metronidazole ya kumeza, dawa ambayo watu wetu wanaijua kwa kuhara, ilijaribiwa London dhidi ya vidonge visivyo na dawa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha inapunguza maumivu ya siku za baada ya kukatwa. Daktari ndiye wa kuiandika. Mgonjwa hula kama kawaida tangu siku ya kwanza: uji wa dona, papai, mboga za majani zilizoiva vizuri, maharage kama tumbo lake linayakubali, na maji ya kutosha mpaka mkojo uwe mweupe. Choo cha kwanza kikija siku ya pili au ya tatu kikiwa laini, kitauma, naye atakuwa ameambiwa kwamba kitauma na kwamba matone ya damu si ajabu.

Baada ya hapo kuna beseni. Maji ya uvuguvugu, yasiyochoma kiwiko cha mkono, huwekwa ya kutosha kufunika makalio. Mtu hukaa humo dakika 10 hadi 15, mara mbili tatu kwa siku na kila baada ya kujisaidia. Chumvi na dawa za kuua vijidudu hazihitajiki, na zikizidi huunguza. Ndani ya maji yale misuli iliyokaza hulegea, na mtu aliyeingia amekunja uso huanza kupumua. Mgonjwa wa pwani ana jambo jingine linalomsaidia bila yeye kujua, nalo ni mazoea ya kuchamba kwa maji, kwa maana karatasi kavu juu ya kidonda ni kama msasa. Hujikausha kwa kugusa kwa kitambaa laini, bila kusugua. Bodaboda na safari ndefu za basi zinasubiri. Anayemuuguza naye ajue dalili tatu za kumrudisha hospitali bila kungoja asubuhi: mkojo ukikataa kabisa kutoka, jambo linalotokea hasa siku ya kwanza na hasa kwa wanaume, homa, na damu nyingi inayotoka kwa mabonge, ambayo inaweza kutokea hata baada ya wiki moja, wakati kila mtu ameshaamini hatari imepita.

Karatasi moja ya maelezo haya, kwa Kiswahili, ingeondoa nusu ya sifa mbaya ya operesheni hii. Hapa hospitali zina deni. Wauguzi na madaktari wanaomruhusu mgonjwa bila dawa ya kulainisha choo na bila neno juu ya siku ya nne ndio wanaowapatia wauza chupa ushahidi.

Nne: kwamba dawa za asili zinatosha

Katika vituo vya mabasi ya mikoani hupanda mtu mwenye begi la vichupa. Dawa yake ni ya maji, ya kahawia, iliyowekwa katika chupa ya plastiki ya nusu lita, na inasemwa inatibu bawasiri, ngiri, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Abiria humpa pesa na kupewa chupa, na biashara inakamilika kabla basi halijatoka getini. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza la kuisimamia, na wapo waganga waliosajiliwa wanaoijua kazi yao na wanaojua lini wamwambie mgonjwa aende hospitali. Sipingani na mimea. Diosmini, dawa inayoandikwa hospitalini kupunguza damu ya bawasiri, ni ya jamii ya viini vinavyopatikana katika malimau na machungwa. Ninachopinga ni tiba inayouzwa kwa mtu ambaye hakuna aliyemwangalia.

Wanaotetea chupa hujibu kwamba fulani alikunywa akapona. Huenda kweli alipata nafuu. Damu ya bawasiri ina tabia ya kuja na kuondoka. Hutoka wiki hii, hukatika miezi miwili, hurudi. Uvimbe wa nje ulioganda damu huuma sana siku chache, kisha hunywea wenyewe katika wiki mbili tatu. Mwanamke aliyepata bawasiri kwa ujauzito mara nyingi hutulia baada ya kujifungua. Chochote kilichonywewa katika majuma hayo hupewa sifa. Zipo pia dawa za kupaka zinazouzwa kama za kukata bawasiri bila kisu, na baadhi yao hufanya kazi kwa kuunguza. Nyama hukauka na kudondoka kweli, ila pamoja nayo huungua ngozi ya pande zote, na kovu lake hukaza mpaka mtu anajisaidia choo chembamba kwa taabu. Huyo sasa anahitaji operesheni ngumu kuliko ile aliyoikimbia.

Gharama kubwa kuliko zote ni ya yule ambaye hakuwa na bawasiri tangu mwanzo. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Anayechanwa na maumivu makali kila akijisaidia huenda ana mpasuko, na mwenye maumivu yanayopwita pamoja na homa huenda ana jipu. Katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, ambacho huleta damu katika choo na, kikikaa miaka, hukakamaza ini. Msukumo wa damu katika mshipa unaoingia kwenye ini hupanda, na mishipa ya chini ya utumbo inaweza kuvimba ikafanana na bawasiri. Huyo akikatwa na mtu ambaye hakulipima ini lake anaweza kutokwa na damu kupita kiasi. Nasema hili kwa sababu kuangaliwa kunamlinda mgonjwa na kisu kisichomfaa kama kunavyomlinda na chupa. Na ipo saratani ya utumbo mpana, hasa ya sehemu ya mwisho ya utumbo, ambayo huanza kwa damu ileile, hali ileile ya kuhisi choo hakijaisha, na aibu ileile. Uvimbe wa saratani ukigunduliwa mapema huondolewa. Ukifunikwa na chupa za kahawia mwaka mzima, hugunduliwa ukiwa umefika kwenye ini. Umri ukipita miaka 40, au choo kikibadilika mwendo wake, au mwili ukipungua, damu hiyo isiitwe bawasiri mpaka utumbo uchunguzwe.

Wale ambao kweli hawahitaji kisu

Kuna upande ambao wapinga operesheni wangekuwa na haki kama wangeusema vizuri. Uchambuzi uliounganisha majaribio saba yenye wagonjwa 378, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kuongeza makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula, kunapunguza hatari ya kuendelea kutoka damu kwa karibu nusu. Hiyo ni tiba, na ipo jikoni: dona badala ya sembe, kunde, mbaazi, matembele, matunda yenye nyama yake badala ya juisi. Mgonjwa wa hatua ya kwanza au ya pili aanzie hapo, aache kukaa chooni na simu, aende mara anapobanwa bila kuahirisha, na ikibidi afungwe mpira. Daktari anayemkimbizia mtu huyu kisu amekosea. Lakini makapimlo hayarudishi ndani uvimbe wa hatua ya nne, na uchambuzi huohuo haukupata uthibitisho wa wazi kwamba yanasaidia bawasiri inayotoka nje. Mwanamke ambaye damu humchuruzika kila asubuhi mpaka viganja vyake vimekuwa vyeupe, anayepanda ngazi akihema, hana sababu ya kuambiwa aongeze mchicha. Anahitaji kupimwa damu, na pengine kuongezewa, kisha kukatwa.

Litabaki pingamizi la aibu, ambalo nadhani ndilo lililoyazaa mengine yote. Watu husema wangekwenda, ila hawawezi kuvua nguo mbele ya mtu. Mwanamke anaweza kuomba daktari wa kike au awepo muuguzi, na hiyo ni haki yake. Uchunguzi wenyewe hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti ameyavuta kuelekea kifuani, shuka limemfunika kuanzia kiunoni. Daktari huangalia kwanza, huuliza ruhusa, kisha hupitisha kidole chenye glavu na mafuta ya kulainisha akipapasa kama kuna uvimbe mgumu na kumwomba mgonjwa abane ili apime misuli. Baadaye huingiza kijibomba kifupi chenye taa, urefu wake unakaribia wa kidole, akitazama vijimto kimoja kimoja anapokitoa taratibu. Humwomba mgonjwa asukume kidogo kama anayejisaidia, aone kama kuna kinachoteremka. Ni dakika chache. Mgonjwa akishavaa nguo, hukaa kwenye kiti na kuambiwa kama ni bawasiri au si bawasiri, na kama ni bawasiri, ni hatua ya ngapi.